Miungu ya sebuleni: Je, nani anahudumiwa kwanza nyumbani mwako?

Sanamu za kale zilichongwa kwa mti au kusubiwa kwa dhahabu. Za siku hizi huchajiwa kwa umeme, hununuliwa kwa mkopo, na Jumapili huandamana nawe hadi kanisani.

MSOMAJI mpenzi, ukiulizwa leo iwapo nyumbani mwako kuna sanamu unayoiabudu, bila shaka utaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Utasema ulibatizwa ungali mchanga, au uliokoka katika mkutano wa injili uwanjani, na kwamba hirizi ya mwisho katika ukoo wenu ilitupwa na babu yako. Utaonyesha Biblia iliyo juu ya kabati na kalenda ya kanisa iliyotundikwa ukutani. Nani basi atathubutu kukuita mwabudu sanamu?

Hata hivyo, kabla hujafungua ukurasa mwingine, hebu inua macho uitazame sebule yako. Viti vyote vimeelekezwa wapi? Ni kitu gani ambacho mgeni akiingia lazima akae akikikabili, apende asipende? Katika nyumba nyingi jibu ni moja, nalo ni televisheni.

Walio na umri wa makamo watakumbuka jinsi chombo hiki kilivyopokewa katika mitaa na vijiji vyetu. Kilikuwa kikiwekwa ndani ya kabati yenye milango na kufuli, na ufunguo aliuweka baba. Juu yake kilifunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa na mama kwa sindano na uzi, na juu ya kitambaa hicho likawekwa ua la plastiki. Mahali ambapo umeme haukuwa umefika, ile televisheni ndogo ya inchi 14 isiyo na rangi iliendeshwa kwa betri ya gari, na betri hiyo ilipokufa mtu aliibeba hadi sokoni ikachajiwe. Watoto wa majirani waliokuja kutazama Vitimbi au Vioja Mahakamani waliamrishwa kunawa miguu kwanza, kisha wakaketi sakafuni kimya. Ukiangalia kwa makini, msomaji wangu, utaona kwamba pazia, ua, ukimya na miguu iliyonawishwa ni mambo ambayo ungeyatarajia mbele ya madhabahu.

Siku hizo tulicheka tu. Nyumba ilikuwa na televisheni moja, stesheni zilikuwa mbili baada ya KTN kuanzishwa mwaka 1990, na usiku matangazo yalifika kikomo, watu wakaenda kulala. Leo televisheni imetundikwa ukutani na haifungiwi, stesheni zimeongezeka mno tangu tulipohamia mitambo ya dijitali mwaka 2015, na matangazo hayaishi usiku wala mchana. Juu ya hayo, kila mmoja nyumbani, kuanzia baba hadi kitindamimba, ana kijitelevisheni chake kiganjani, nacho hukiita simu. Familia ya watu watano yaweza kuketi sebuleni usiku mzima, na kila mtu yumo katika nyumba yake mwenyewe.

Dhahabu haikuwa na hatia

Sitaki unielewe vibaya. Makala haya hayakuandikwa kukuambia uitupe simu chooni wala uichome televisheni. Mtakumbuka wahubiri waliokuwa wakiifananisha televisheni na sanduku la shetani. Nadhani walikosea. Walikiona kitu wakadhani wameiona dhambi, kumbe dhambi ilikuwa imeketi kwenye kiti, inatazama.

Biblia yenyewe inatufunza hivyo, na mfano mzuri umo katika kitabu cha Kutoka. Katika sura ya 32 Waisraeli wanavua pete za masikioni na kumpa Haruni, naye anawatengenezea ndama. Hicho ndicho kisa tunachokijua sote tangu shule ya Jumapili. Lakini ni wangapi miongoni mwetu huendelea kusoma hadi sura ya 35? Huko watu wale wale wanaleta tena vipuli, pete na vikuku vya dhahabu, na mara hii vinatumiwa kujenga hema ya kukutania na Mungu. Dhahabu ni ile ile iliyotoka Misri. Haikuwa na hatia jangwani, na wala simu yako haina hatia leo.

Kuna kisa kingine ambacho mahubiri yetu hukipita haraka, nacho kinatuhusu zaidi. Watu walipoumwa na nyoka jangwani, Mungu alimwagiza Musa atengeneze nyoka wa shaba na kumtundika juu ya mti, na kila aliyemtazama akapona. Hayo yamo katika Hesabu 21. Kumbuka kwamba kitu hiki kiliamriwa na Mungu mwenyewe na kikaokoa maisha ya watu. Sasa fungua 2 Wafalme 18. Mamia ya miaka yamepita, na mfalme Hezekia anamkuta nyoka yule yule angali yupo, watu wakimfukizia uvumba. Hezekia akamvunja vipande vipande.

Naam, hata zawadi ya Mungu yaweza kuwa sanamu ikikaa nyumbani muda mrefu bila kuulizwa inafanya nini. Hakuna aliyeamka asubuhi moja akasema, "Leo naanza kumwabudu nyoka." Walianza kwa shukrani. Wakamhifadhi kwa heshima, heshima ikazaa mazoea, na mazoea yakaleta uvumba.

Je, nani Kenya asiyekuwa na la kuishukuru simu? Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, mama aliye kijijini hangoji tena bahasha ya fedha iletwe na dereva wa basi. Karo hulipwa kwa simu, sadaka hutolewa kwa simu, na Biblia nzima imo humo humo pamoja na nyimbo. Makanisa yalipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, ni simu na televisheni zilizotuletea ibada nyumbani. Ni nyoka wa shaba hasa. Amewaponya wengi.

Basi kitu hugeuka lini kuwa mungu? Martin Luther, katika katekisimu yake kubwa ya mwaka 1529, alifafanua kwamba mungu wa mtu ni kile ambacho moyo wake unakitegemea na kukitumainia. Ni maelezo mazuri, lakini moyo ni mjanja na hujitetea. Kwa hivyo napendekeza uanze na jambo linaloonekana kwa macho. Miungu yote ya kale ilidai kafara. Usiulize nyumbani mwako mnapenda nini. Uliza ni nini kinachochinjwa, na kinachinjwa kwa ajili ya nani.

Mlio wa simu na sanamu ya dhahabu

Kafara ya kwanza ni wakati, na mara nyingi huwa ni wakati wa watoto.

Mtoto ametoka shuleni na daftari mkononi. Anataka kukuonyesha alama aliyopata, au pengine anataka kukueleza jambo lililomtisha njiani ambalo hana maneno ya kulisema upesi. Wewe waitikia, "Mmh," macho yakiwa kwenye simu. Anarudia. Waitikia tena, "Nimesikia, nenda ukabadilishe nguo." Kisha simu inalia, nawe unaruka na kuipokea kabla haijalia mara ya pili. Mtoto huyo hajasoma theolojia, lakini amejua ni nani katika nyumba hii akiita huitikiwa papo hapo, na ni nani huambiwa angoje.

Utakumbuka ile sanamu ya mfalme Nebukadreza katika Danieli sura ya 3. Urefu wake ulikuwa dhiraa 60 na upana dhiraa 6. Amri ilikuwa kwamba kila mtu asikiapo sauti ya panda, filimbi, kinubi na vyombo vinginevyo, aanguke na kusujudu papo hapo, popote alipo. Wengi tumehubiriwa juu ya tanuri la moto, ila mimi husimama kwanza kwenye ule muziki. Mfalme hakuhitaji askari wa kumfuata kila mtu. Alihitaji mlio tu. Keti kanisani Jumapili, mlio mfupi wa ujumbe utoke mahali fulani katika viti vya kati, kisha hesabu ni mikono mingapi itakayoingia mifukoni. Hata ambaye simu yake ilizimwa hujipapasa kuhakikisha.

Tena siku hizi mwumini hafungui tena Biblia ya karatasi, na hilo si kosa. Lakini karatasi haikuwahi kumletea mtu habari za arusi ya jirani katikati ya Zaburi. Unasoma aya ya tatu, ujumbe unashuka kutoka juu ya kioo, unaugusa "kidogo tu", na ukirudi pasta amefika kwenye sala ya mwisho. Makasisi nao wasijifanye hawamo. Wapo wanaopanda mimbarani na simu mbili, moja ya mahubiri, na ya pili haijulikani ni ya nini.

Kafara hii ya wakati huwafikia wenye ndoa pia, na huko ndiko hali huwa chungu zaidi. Katika Mwanzo 31 imeandikwa jinsi Raheli alivyoviiba vinyago vya baba yake Labani. Labani alipokuja kupekua hema, Raheli alikuwa ameviweka chini ya matandiko ya ngamia na kuketi juu yake, akasema hawezi kusimama kwa kuwa yumo katika hali ya wanawake. Mke wa Yakobo mzima, ameketi juu ya miungu, anadanganya! Nikisoma kisa hicho huwafikiria mabwana na mabibi wanaolala na simu chini ya mto, wanaoiweka mezani kioo kikitazama chini, na wanaoingia nayo msalani. Huenda hakuna uzinzi wowote humo. Pengine ni deni tu, au ni mchezo wa kamari, au ni mazungumzo ya upuuzi na watu wasiojulikana. Lakini pale mtu anapoketi juu ya kitu ili mwenzake asikione, ndoa imeshaanza kutoa kafara.

Limbuko huenda wapi?

Kafara ya pili ni fedha. Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu watu hudhani sanamu ya fedha ni ugonjwa wa matajiri. Sivyo. Bwana Yesu alipoonya katika Mathayo 6 kwamba mtu hawezi kumtumikia Mungu na mali, wengi waliomsikiliza walikuwa wavuvi na wakulima.

Nabii Isaya, katika sura ya 44, anamchekesha msomaji kwa kisa cha fundi aliyekata mti. Nusu anaikoka moto, anaoka mkate, anachoma nyama na kuota. Nusu iliyobaki anaichonga mungu, kisha anaisujudia na kuiomba imwokoe. Fundi yule alikuwa na nafuu kutushinda sisi, kwa maana angalau alipika kwanza! Leo yupo mtu anayenunua televisheni ya inchi 55 kwa malipo ya kila siku, ilhali mtungi wa gesi umeisha na jiko la makaa halina makaa. Yupo aliyenunua viti vipya vya sebule kwa sababu kikundi cha akina mama wa kanisa kilikuwa kikija kwake mwezi huo, na Januari ilipofika mtoto akakaa nyumbani majuma mawili kwa kukosa karo. Viti vinang'aa, mtoto anavifuta vumbi.

Simu imeurahisisha mchezo huu kupita kiasi. Zamani ili upate mkopo ulihitaji kumwendea mwajiri, chama cha ushirika au jirani mwenye duka, na aibu ya kuomba ilikuwa breki. Kuanzia Novemba 2012, M-Shwari ilipozinduliwa, mtu akaweza kukopa akiwa kitandani gizani bila hata mkewe kujua. Zikafuata nyinginezo nyingi za namna hiyo. Kisha Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo hukuwezesha kulipa hata kama salio lako halitoshi. Kwa mgonjwa anayehitaji kufikishwa hospitali usiku, huo ni msaada mkubwa, na sitausema vibaya.

Lakini angalia jinsi unavyolipwa. Fedha zikiingia tu kwenye simu yako, deni hukatwa kwanza, kabla hujaziona. Iwe ni mshahara, iwe ni shilingi 500 ulizotumiwa na dada yako za kununulia unga, mkopo huchukua chake mbele. Sasa kumbuka lile neno la zamani katika Agano la Kale, limbuko. Mwisraeli alipovuna, kilichotangulia kutoka shambani kilipelekwa kwa Mungu kabla ya mtu yeyote kukila. Ndiyo maana nikauliza katika kichwa cha makala haya ni nani anayehudumiwa kwanza. Chukua simu yako, tazama ujumbe wa fedha zilizoingia mwezi uliopita, uone limbuko lako lilikwenda kwa nani na lilikuwa limenunua nini. Kama lilinunua dawa, nyamaza, uendelee na shughuli zako kwa amani. Kama lilinunua bando za kutazama video na viatu vya kuonekana navyo kanisani, basi umemwona mungu wako na ngazi za madhabahu yake. Waswahili walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na hawakuwa wamewahi kuona simu.

Katika Wakolosai 3:5 Mtume Paulo anasema waziwazi kwamba tamaa ya mali ni ibada ya sanamu. Hakusema inafanana nayo.

Jumapili ya mkeka

Kuna sanamu moja ambayo lazima nilizungumzie jina lake, kwa sababu inakula vijana wetu na wazazi wanalijua jambo hili ila wananyamaza. Ni kamari ya mechi.

Mechi kubwa za ligi ya Uingereza huchezwa Jumamosi na Jumapili. Hii ina maana kwamba ibada ya pili inapoendelea, kijana aliyeketi kiti cha nyuma, kichwa kimeinama kwa unyenyekevu, huenda hayuko kwenye maombi hata kidogo. Anapanga mkeka wake, yaani ile orodha ya timu anazozitabiria ushindi. Mkeka ukikamilika, ndipo anapoomba. Tena anaomba kwa imani ambayo mchungaji angeitamani. Anafunga macho, anaahidi fungu la kumi, anamkumbusha Mungu hali ya mama yake. Zaka aliyopewa aipeleke kanisani imekwisha kuingia kwenye mchezo.

Anayo sababu ya kutumaini, au anadhani anayo. Mwaka 2018 Mkenya mmoja alitabiri mechi 17 bila kukosea na kupata zaidi ya shilingi milioni 208, na picha za hundi yake kubwa zikaenea kote nchini. Hakuna aliyepiga picha ya wale wengine wote walioshiriki siku hiyo hiyo. Kwa kweli hawangetoshea kwenye picha.

Serikali imejaribu kuibana biashara hii kwa ushuru na leseni. Mwaka 2019 kampuni kadhaa zilinyimwa leseni kwa mvutano wa kodi, na tukasikia kilio. Si cha wachezaji tu, bali pia cha timu zilizofadhiliwa nazo na vyombo vya habari vilivyotangaza biashara yao. Kisa hicho kilinikumbusha Matendo ya Mitume 19, ambapo Demetrio mfua fedha wa Efeso, aliyekuwa akitengeneza vihekalu vya Artemi, aliwakusanya mafundi wenzake. Hakuanza kwa kusema kwamba mungu wao ametukanwa. Alianza kwa kuwakumbusha kwamba utajiri wao unatokana na kazi hiyo. Penye sanamu pana mtu anayekula kwayo, naye ndiye atakayekuwa wa kwanza kupiga kelele.

Mzazi, kama mwanao amemaliza shule, hana kazi, na kila Jumapili jioni hali yake ya moyo hupanda na kushuka kufuatana na mabao ya nchi asiyowahi kuikanyaga, usimngoje auze godoro. Kaa naye. Usianze na mahubiri. Muulize deni ni la kiasi gani.

Kanisa jirani na kitanda

Huenda msomaji wangu mmoja amefikia hapa akipumua kwa raha kwa kuwa hachezi kamari wala hana mkopo. Mwenzangu, wewe Jumapili iliyopita uliabudu wapi?

Makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai 2020, kwa waumini wasiozidi 100 na kwa saa moja pekee, kulikuwa na watu waliolia kwa furaha. Masharti yale yaliondolewa kitambo. Walakini wapo waliobaki nyumbani hadi leo, wakitazama ibada kwenye simu huku chai ikiwa mkononi. Mahubiri yakichosha wanasogeza mbele. Sadaka ikitajwa mtandao "unakatika". Simsemi mgonjwa, wala mzee asiyeweza kutembea, wala yaya anayelazimika kufanya kazi Jumapili. Kwao matangazo hayo ni mkate. Namsema mwenye miguu yake.

Mfalme Yeroboamu alijua udhaifu huu. Katika 1 Wafalme 12 alitengeneza ndama wawili wa dhahabu, mmoja akamweka Betheli na mwingine Dani, na hoja aliyowapa watu haikuhusu imani hata kidogo. Aliwaambia kwamba safari ya kwenda Yerusalemu inawachosha. Ni hayo tu. Aliwaletea ibada karibu, watu wakashukuru.

Na tunaokwenda, je? Kuna ambao huchagua kanisa kwa kuangalia maegesho. Gari, hasa lile lililoletwa juzi kutoka Japani kupitia bandari ya Mombasa, linataka kuonekana, na nambari za usajili za Kenya zina ubaya huu kwamba herufi zake humwambia kila mtu gari liliingia barabarani lini. Yakobo katika sura ya 2 aliwakemea Wakristo waliompa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumsimamisha maskini. Leo mhudumu wa mlangoni hana haja ya kutafuta pete. Ameshaliona gari likiingia langoni.

Akiondolewa, nitabaki na nini?

Kuna mtu mmoja katika Biblia ambaye watu hawamtaji, nami namhurumia sana. Anaitwa Mika, si yule nabii, ni Mika wa Waamuzi 17. Alimwibia mama yake vipande 1,100 vya fedha, akavirudisha. Mama akafurahi, akatoa 200 vikatengenezewa sanamu. Mika akaijengea nyumba, kisha akamwajiri kijana Mlawi awe kuhani wake kwa vipande 10 kwa mwaka, mavazi na chakula. Baada ya hayo akaona kwamba sasa Mungu lazima atambariki. Alikuwa mtu wa dini, tazama! Hakudhani amemwacha Mungu.

Siku moja wanaume 600 wa kabila la Dani walipita, wakachukua sanamu zake zote, na kuhani naye akaenda nao kwa kuwa walimwahidi kazi kubwa zaidi. Mika akakusanya majirani, akawakimbiza akipiga kelele. Walipomuuliza ana nini, akajibu kwamba wameichukua miungu aliyoitengeneza mwenyewe, na kwamba hana kitu kingine kilichobaki. Alipoona wana nguvu kumliko, akageuka akarudi nyumbani kwake.

Umewahi kumwona mtu aliyenyakuliwa simu kupitia dirisha la matatu katikati mwa jiji? Hasara ni kubwa na hofu ni ya haki, kwa kuwa humo mna fedha na picha za marehemu mama yake. Lakini mtazame siku ya tatu, akishapata laini nyingine. Kama bado hajui aketi vipi mezani, mikono aiweke wapi, wala azungumze nini na mkewe, jibu la Mika litakuwa limemfaa.

Waumini wa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Rwanda na kufika Kenya mwaka 1937, walikuwa na desturi ambayo vijana wa leo huiona ya ajabu. Walikuwa wakiungama waziwazi mbele ya wenzao, na waliokuwa wameiba walirudisha walivyoiba. Sisemi usimame kanisani ukatangaze madeni yako, kwa maana majirani zetu siku hizi wana simu pia, na ungejikuta umesambazwa kabla ya baraka ya mwisho. Lakini mume na mke wanaweza kuketi jioni moja, kila mmoja akafungua simu yake mbele ya mwenzake, wakaandika kwenye karatasi moja kila deni na kila mchezo. Jioni hiyo haitakuwa tamu. Karatasi hiyo iwekwe ndani ya Biblia ile iliyo juu ya kabati, ipate angalau sababu ya kufunguliwa.

Mkishamaliza hilo, fedha zikiingia, karo na chakula vitoke kwanza, kisha mkopo mmoja mmoja hadi uishe, na pasichukuliwe mwingine kwa kitu ambacho jirani ndiye atakayekitazama zaidi yenu.

Na kwa upande wa wakati, tafuteni kikapu. Kile cha kawaida cha sokoni kinatosha. Kiwekwe karibu na mlango wa jikoni, na chakula cha jioni kikiwa tayari kila mtu atie simu yake humo, televisheni izimwe, hadi vyombo viishe kuoshwa. Siku ya kwanza mtaketi kama waliofiwa. Mtoto mdogo ndiye atakayeanza kuzungumza, na huenda akazungumza bila kukoma, kwani ana mengi ya siku nyingi. Mwacheni. Ila baba asijidai kwamba yake ni ya kazi, wala mama asiseme anangoja ujumbe wa kikundi. Watoto watakuwa wakitazama simu ya nani itakuwa ya kwanza kuingia kikapuni.